Mwaka Yenye Tarehe Ilikuwa Tarehe

Batoto bangu ba université, nilibasikia. Juzi babili kati yenu balipita mbele ya lupango yetu, kiwanja ya nyumba yetu, hapa mutaa ya Katuba, sacoche ku mugongo, banalia: «Aah, semestre inaisha mbio sana! Hata wakati ya kupumua hakuna.» Miye nilikuwa ku kiti yangu, fasi yangu ya kila siku, na nilicheka mupaka bibi yangu, muke wangu, alitoka mu jikoni kuangalia kama ninakufa.

Semestre inaisha! Hamujue munasema muujiza gani. Siye tulikuwaka na mwaka yenye haiishake. Muikale kidogo, nibaelezee. Miye sina haraka, sina fasi ya kwenda, na hata kama ningekuwa nayo singeenda.

Nilikuwa appariteur. Kwa ule hajue, appariteur njo muntu anafungula auditoire, ile chumba kubwa ya masomo, anapangusa tableau, anabandika horaire ku valve, ile ubao ya matangazo yenye munasukumanaka mbele yake. Siku ya examen anaita majina moja moja, anaangalia ba carte, na anatosha inje benye shingo yabo inakuwa mulefu kuelekea karatasi ya mwenzao. Professeur iko na akili, appariteur iko na funguo. Akili bila funguo inabakia tu inje pa jua.

Elimu yangu ilifikaka diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, ikachoka, ikaikala. Ile kazi nilichagua juu balinielezea kama kuko bureau na kiti. Miye muntu ya nyumba, kusikia kiti, roho ilitulia. Kumbe kiti ilikuwa ya kupandia, ili kubandika matangazo juu, fasi mikono ya ba étudiants haifike. Myaka yote ya kazi, nilisimamaka juu ya kiti kuliko kuikala.

Mwenye kunifundisha alikuwa Papa Anaclet, appariteur mukubwa, mutu ya Kasai, mufupi, na suti ya kahawia yenye ilijua siri zote za faculté. Wiki ya kwanza alinionesha gundi. «Punaise, bile bisumari bidogo, banaiba,» alisema. «Gundi ya duka, mbuzi analamba. Weye kula bukari yako, ile ugali, bakisha kidogo, koroga na maji ya moto. Tangazo yenye ilibandikwa na bukari, hata mvua ya janvier inaiheshimu.» Mupaka leo sijaona mwenye kushinda ile.

Kisha alinipatia crayon, ile yenye inafutika. «Na hii njo ya kuandikia tarehe.»

«Papa, juu ya nini hapana stylo ya wino?»

Aliniangalia sawa munganga anaangalia mugonjwa mwenye kuchelewa. «Kijana. Muntu anaandika tarehe na stylo, ule hajue université.»

Nilikuwa mubishi. Valve ilisema masomo inaanza lundi, Jumatatu, na ile lundi miye nilivaa kravate, nikafungula auditoire, nikapangusa meza zote, nikasimama pa mulango na funguo mukononi. Nilingoja. Mwisho aliingia mbuzi moja, akaenda kuikala ku meza ya mbele. Papa Anaclet alipita, akamuangalia, akaniangalia. «Umupatie carte ya étudiant,» alisema. «Ule njo wa kwanza sérieux tangu mwezi.»

Mwaka yetu ilikuwaka sawa lastiki ya kaputula ya zamani: unavuta, inakuja tu. Grève, ile mugomo ya kazi, inavuta, mitihani ya mara ya pili inavuta, professeur alienda safari inavuta tena. Kuko benye baliingia mwaka ya kwanza bado bachumba, na siku ya kumaliza graduat, myaka tatu tu ku karatasi, balikuya na mutoto yenye anajua kusoma jina ya baba yake ku valve. Basi tulijifunza kusoma alama. Kama valve inasema lundi, bakia na sapatu za nyumba. Kama professeur anauliza craie ya tableau iko wapi, vaa kiatu moja. Kama mama ya mikate ya mafuta anakuya kukamata fasi yake mbele ya auditoire na moto yake, vaa ya pili, masomo inaanza kweli. Ule mama hakudanganyikaka hata siku moja, juu unga yake ilikuwa ya kweli.

Sasa mwishoni mwa kazi yangu njo ilikuya ile mutikisiko. Balituletea doyen mupya, mukubwa wa faculté, mwanamuke, mufupi kuliko Papa Anaclet, sauti ya kengele. Tulimuita Mama Doyenne. Alikusanya bote mu auditoire kubwa, professeurs mbele, ba étudiants katikati, siye ba funguo nyuma, na alielezea LMD, système mupya ya masomo. Graduat na licence ya zamani zinazimika kidogo kidogo. Mwaka inakatwa mara mbili, semestre na semestre. Masomo inapimwa na crédits. Kuko masomo zenye zinakufa, kuko zenye zinazaliwa.

Pale kelele ilipanda! Professeur moja muzee, mwenye kusomesha karatasi zilezile mupaka zilikuwa rangi ya chai, alisimama: «Madame, cours yangu inaenda wapi?»

«Inaenda kupumzika, Professeur. Ilitumika sana.»

Bantu balicheka mupaka ba vitre za madirisha zilitetemeka. Yeye mwenyewe, muzee, alicheka mwisho, na nilimuona kisha mu bibliothèque na vitabu vipya mbele yake, miwani ku paji, anaandika sawa mutoto wa G1, mwaka ya kwanza.

Miye nilielewa crédits mbio kuliko vile nilifikiri, juu nilijenga nyumba yangu kidogo kidogo. Zamani, kama ulianguka masomo mbili tatu, unarudilia mwaka muzima. Ni sawa kubomoa nyumba yote juu mulango moja haifunge. Crédit ni tofali: ile ulishapanga, inabakia pale. Siku ile nilirudi nyumbani ninaimba. Bibi yangu, Mama Régine, aliniuliza kama balinipatisha cheo.

«Hapana. Mwaka itakuwa na mwisho!»

«Na weye inakufurahisha nini? Weye hata kumaliza kupaka rangi mulango hauwezi.»

Mwisho ya mukutano, Mama Doyenne alitangaza calendrier. Session ya mwisho ya mitihani ya G3 ya zamani, mwaka ya tatu ya graduat, lundi fulani, saa mbili ya asubuhi. «Kisha ile, hii système inafungwa. Mwenye hatakuwa pale, atajiandikisha mwaka ya kwanza ya LMD. Tarehe ni tarehe.» Na kwangu: «Papa, andika na stylo.»

Nilipanda ku kiti na bukari yangu, nikabandika. Chini ba G3 banasoma, banacheka. «Lundi ya mwaka gani?» moja aliuliza. Mwingine: «Papa, ule mama ni mugeni, umufundishe.» Na miye nilicheka naye. Lakini nilishuka, nikaona mama ya mikate anaweka mafiga yake mbele ya auditoire, wiki muzima mbele ya tarehe. Basi ile lundi ilikuwa ya kweli.

Nilianza kukimbia. Miye! Nilipita ba home, fasi ba étudiants banalala, nilipita makanisa, nilituma habari ku radio ya mutaa. Moja nilimutosha ku salon akiwa na kichwa nusu yenye kunyolewa. Mupaka mercredi, bote balishapatikana, banakariri usiku na mchana. Bote, isipokuwa moja: Yumba Mwape Godelive.

Godelive nibaelezee vizuri. Hakuwa mutoto sawa ninyi. Alikuwa mama wa batoto batatu, alifiwa bwana, na alijilipia masomo na samaki ya kukausha ya Pweto. Kila mara mwaka inavutika, yeye anapanda kamyo, anaenda kule ku ziwa, anarudi na mizigo, anauzisha pa soko ya Kenya, mutaa ya hapa kwetu, analipa, anasoma. Ile mwaka ya lastiki yenye ilisumbua bote, yeye alijua kupanda juu yake sawa kinga, ile baiskeli. Alifika G3 bile bile, polepole, bila kuanguka. Sasa alisoma tarehe ku valve, akafanya hesabu yenye kila muntu ya hapa angefanya, kama lundi maana yake ni mwezi ujao, akaenda.

Niliita ku téléphone yake. Haina réseau. Niliita tena mupaka ule mwanamuke ya kwenye téléphone, mwenye kusema «haipatikane», nilimuona sawa mukwe.

Ku nyumba nilisema: «Godelive atapoteza graduat. Ataanza tena mwaka ya kwanza na batoto ba kuzaliwa jana. Hatarudi. Ninamujua, ataacha.»

Mama Régine alikuwa anachambua majani ya sombe. «Na weye uko unafanya nini hapa?»

«Ninafikiri.»

«Fikiria mu kamyo.»

«Bibi, miye sijawahi kupita péage, ile fasi ya kulipia barabara pa kutoka mu muji.»

«Njo vile bakuone! Bantu ba Katuba banafikiri uko sehemu ya ile kiti.»

Basi nilienda. Muniache nicheke mwenyewe mbele yenu: nilibeba mutoo yangu ya kulalia, kikombe yangu, na chumvi, sijui juu ya nini, sawa kule bantu hawana chumvi. Nilipanda kamyo ya mizigo ya kwenda kaskazini. Vumbi ilinifanya muntu mupya. Mupango yangu ilikuwa hii: Kasomeno njo fasi barabara inagawanyika, moja inaenda Kasenga, ingine inaenda kule Pweto. Kila kamyo ya samaki lazima ipite pale. Na muntu mwenye kujua kazi moja tu katika maisha, anafanya ile kazi popote balimutupa.

Nilifungula valve pa soko ya Kasomeno.

Niliomba carton kwa mwenye duka, nikaandika kubwa: YUMBA MWAPE GODELIVE. G3. EXAMEN LUNDI SAA MBILI. TAREHE NI YA KWELI. Nilinunua bukari, nikakula nusu, na nusu ingine nikabandika carton ku nguzo. Kisha nilisimama pembeni sawa vile nilisimamaka myaka yote.

Bamama ba soko balinizunguka.

«Papa, bibi alikukimbia?»

«Hapana, mama. Ni étudiante.»

«Ahaa! Basi alikukimbia na akili.»

«Mama, miye ni appariteur.»

«Ile ni dini gani?»

Na mwingine, mwenye kuuza nyanya: «Muache, anamupenda. Angalia, alibeba mpaka mutoo.»

Nilikuwa muzee mwenye kusikia haya, lakini nibaambie kweli, nilikuwa na furaha ya ajabu. Jua, vumbi, bantu banasoma tangazo yangu kwa sauti, banabishana kama lundi inawezekana kuwa lundi. Bale bamama balichukua ile maneno sawa yao. Kila kamyo inasimama, bao njo banakimbia mbele yangu: «Chauffeur! Uko unaenda Pweto? Umutafute Godelive! Umuambie mwaka yake inafungwa!»

Kamyo ya kwanza yenye ilikuwa inaenda kule, chauffeur jina yake Kaniki, aliniambia: «Papa, miye kichwa yangu inasahau. Niandikie.» Basi nilimuandikia carton ya pili, na nilibandika mbele ya kamyo, chini ya kioo, na bukari ya moto, vizuri, ku kila kona. Akaondoka na jina ya Godelive pa pua ya kamyo.

Nilingoja. Kamyo zilitoka Pweto, Godelive hakuwa ndani. Samedi ilipita. Dimanche ilinibidi nirudi, juu funguo za auditoire zilikuwa mu mufuko yangu. Bamama balinisindikiza sawa ndugu. Ule wa nyanya hakuchokoza tena. «Tutaendelea kuuliza,» alisema. «Wende ufungule.»

Lundi. Batoto, mungeona! Saa mbili haijapiga, bote beko pale, hata ule wa kichwa nusu. Professeur iko pale, ule muzee wa karatasi za chai, kravate imenyooka. Mikate inanuka muzuri inje. Mbuzi peke yake njo alikosekana. Myaka yote nilifungula ule mulango na sikuonaka bile: tarehe ilisema kintu, na kintu ilifanyika. Nilikuwa na furaha upande moja, na upande ingine fasi moja wazi, ku mustari ya nyuma.

Mama Doyenne alinipatia liste. «Papa, uita majina. Kisha mulango inafungwa.»

Mujue kitu kimoja. Kila siku ya kazi yangu niliitaka jina moja moja tu: Banza! Ilunga! Mbio, sawa muntu anahesabu kuku. Lakini siye hapa, jina ya muntu ni mulefu: kuko jina, kuko postnom, kuko prénom, na wengine wazazi balikuwa na furaha, baliongeza. Ile siku niliamua kuheshimu wazazi ya bote.

«Banza… wa… Kalenga… Jean-Marie… Fortunat.»

«Présent.»

«Ule wa Likasi ao mwingine?»

Auditoire inaanza kucheka. «Papa, kuko Banza moja tu!»

«Ilunga… wa… Ilunga… Clarisse. Carte iko wapi? Onesha. Ile picha ni weye? Ulinenepa, muzuri.»

Mama Doyenne aliangalia saa yake. «Papa, hii ni appel ao misa?»

«Ni système ya mwisho, Madame. Tuizike na heshima.»

Niliona kona ya kinywa yake inapanda. Niliendelea. Nilikohoa. Nilipangusa miwani. Ba étudiants balishaelewa, kila moja alijibu polepole, moja alisimama kutoa asante kwa familia yake. Lakini hata majina za Katanga zina mwisho. Nilifika chini.

«Yumba… Mwape… Godelive.»

Hakuna.

«Yumba Mwape Godelive.»

Professeur aliangalia chini. Mama Doyenne alinyoosha mukono kuelekea mulango, polepole, na kwa uso yake niliona haikumupendeza. Lakini alisema mwenyewe: tarehe ni tarehe. Na alikuwa na haki! Kama angeilegeza siku ya kwanza, lastiki ingerudi. Nilishika kitasa.

Njo pale tulisikia honi. Honi ya kamyo, ndani ya campus, fasi kamyo haziruhusiwe. Bagarde banapiga makelele, banakimbia nyuma. Na mu dirisha, batoto, juu ya mulima ya mifuko ya samaki, mwanamuke mwenye kitambaa ku kichwa, rangi ya barabara, mikono juu, anapiga kelele kwa sauti ya soko:

«PRÉSENTE! Présente, Papa! Niko présente!»

Auditoire ilisimama. Nilimuangalia Mama Doyenne. Yeye aliangalia liste, aliangalia mulango, yenye ilikuwa bado wazi kwa urefu ya muguu yangu.

«Alijibu,» alisema. «Nilimusikia. Bote tulimusikia.» Kisha: «Papa, ufungule madirisha. Yote.»

Godelive aliingia na harufu ya ziwa muzima. Akipita karibu yangu alininong'oneza, na hasira ya kweli: «Papa, ulitaka kuniua? Kamyo inafika Pweto na jina yangu mbele! Bamama baliona, baliangusha masahani, balianza kulia. Balifikiri banaleta maiti yangu. Miye mwenyewe nilijiuliza kama nilikufa.» Sikufikiria ile, batoto. Hapa kwetu, jina yenye kubandikwa mbele ya gari ni ya marehemu. Nilimuambia aikale, aandike, tutalia kisha.

Aliandika. Kaniki alingoja inje na kamyo, akauzishia ba étudiants samaki mupaka bagarde bao benyewe balinunua.

Proclamation ya matokeo ilifanyika siku yenye ilitangazwa. Familia zilikuya na poda, na matawi, na ngoma, sawa desturi yetu: mwenye kumaliza masomo anamwangiwa poda. Mama Doyenne alisoma majina ya G3 ya mwisho ya zamani, na akifika chini: «Yumba Mwape Godelive, satisfaction.» Alipita! Batoto batatu balimurukia mama yao. Bantu balimumwangia poda mupaka macho tu njo yalionekana. Miye nilikuwa pembeni, fasi yangu, na liste mukononi. Godelive alinitafuta na ile macho, akakuya na boîte nzima ya poda, akanimwangia yote juu ya kichwa.

Mama Régine alikataa kunipangusa. «Bakia bile,» alisema. «Bakuone.» Basi tulirudi Katuba kwa miguu, miye mweupe toka nywele mupaka viatu, na mu kila avenue bantu balisimama, balipiga makofi, balisema: «Félicitations, Papa! Ulimaliza nini?»

Na miye, mutu ya diplôme d'État, nilijibu bote, moja moja: «Merci. Merci sana. Ilikuwa mulefu.»